Cheti cha Ondieki

Kama kuna mtu pale Manga ambaye jina lake halikupaswa kutafutwa katika kitabu cha kanisa, ni Mzee Machogu. Kanisa lenyewe la Wasabato pale kilimani lilijengwa kwa mawe aliyoyabeba yeye begani kutoka mtoni akiwa kijana, na upepo ulipoliezua paa, ni yeye aliyepanda kulirudisha akiwa na miaka hamsini na mitano, mkewe Kwamboka amesimama chini akimwambia ashuke. Alikuwa mzee wa kwanza wa kanisa, yaani kiongozi wa wazee wenzake, kwa miaka kumi na tisa. Mtu akifiwa, jembe la kwanza kaburini lilikuwa la Machogu. Mjane akikosa wa kumchumia chai, Machogu alitokea alfajiri na kikapu chake, akachuma, akaipeleka kupimwa kituoni, ndipo akarudi kuanza ya kwake. Watu walimsifu sana, naye sifa hizo alizipokea kwa uso wa mtu anayevishwa koti lisilomtosha.

Basi Mokeira, karani mpya wa kanisa, hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa binti wa ofisini, anafanya kazi mjini Kisii, kompyuta anaijua vizuri, na alipochaguliwa aliagizwa atoe majina ya washiriki wote katika vitabu vya zamani ayaingize kwenye mtandao. Alifanya hivyo Jumapili nne mfululizo. Jumapili ya nne alimfuata Machogu shambani, akamkuta katikati ya michai, akamwamkia kwa adabu, akazunguka mbuyu kabla ya kusema lililomleta. Jina la mzee halionekani. Amelitafuta mwaka baada ya mwaka tangu kitabu cha kwanza. Baba yake, marehemu Mzee Nyangate, yumo. Kaka yake Ondieki yumo, alibatizwa Agosti 1974. Yeye hayumo. Bila shaka ni uzembe wa makarani wa zamani. Mzee alete tu cheti chake cha ubatizo, kipigwe picha kwa simu, yaishe.

Machogu alisema atakitafuta, akaendelea kuchuma. Mokeira alipoondoka, mzee alitazama kikapuni akaona amejaza majani makubwa yaliyokomaa, ambayo hata karani wa kituo mwenye huruma asingeyapokea.

Cheti hakuwa nacho. Hakuwahi kuwa nacho, na hakuna aliyelijua hilo, hata Kwamboka aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule wa 1974 Ondieki alikuwa na miaka kumi na minane, Machogu kumi na minne. Ondieki alikuwa amemaliza darasa la ubatizo. Jina lake limepelekwa, cheti kimeandikwa kabisa kwa mwandiko mzuri, kinangoja makambi ya Agosti, pale makanisa mengi yanapokusanyika juma zima na watu kubatizwa kwa makumi. Siku mbili kabla ya siku yenyewe Ondieki akatoroka. Alikwenda Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, na rafiki aliyemwambia kwamba huko kuna kazi na kuna redio. Mzee Nyangate, ambaye naye alikuwa mzee wa kanisa wa enzi zake, hakugomba wala hakulia. Aliwaza tu jina la mwanawe likisomwa mbele ya makanisa kumi na mawili na pasitokee mtu, na hilo hakuliweza. Asubuhi ya Sabato alimwamsha Machogu akamwambia achukue joho jeupe la kaka yake. Njiani alimwambia neno moja tu: ukisikia Ondieki, itika.

Mchungaji alikuwa mgeni, hamjui huyu wala yule, tena alikuwa na watu sabini wa kuzamisha na meno yake yalikuwa yameanza kugongana kwa baridi. Aliita Ondieki, Machogu akaitika. Alizamishwa, akaibuliwa, watu wakaimba. Akasimama ukingoni anatetemeka, na alichojiuliza mtoto yule ni kama maji yale yamemshika yeye au yamepitiliza mpaka Kericho.

Baba aliahidi kwamba mwakani itakuwa zamu yake. Mwaka ulipofika, baba akaona ugumu. Watu wa Manga walikuwa wamelisikia jina la Ondieki kutoka nyuma ya umati, kisha wakamwona Machogu akirudi kutoka makambini nywele zimelowa, na kila mmoja alijua vijana wa Nyangate wamebatizwa. Kumrudisha majini kungezua swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Akaahirisha, akaahirisha tena, kisha akafa. Cheti alikuwa amekwisha kukituma Kericho ndani ya bahasha, kwa fahari, kana kwamba kijana amefaulu mtihani. Na hakuna anayemwomba mtoto wa mzee wa kanisa cheti. Machogu akafanywa shemasi, akafanywa mwalimu, akafanywa mzee.

Moyoni alikata shauri lake mwenyewe, shauri la kitoto, na akalishika kwa miaka hamsini. Atafanya kazi nyingi kiasi kwamba siku ya mwisho Mungu mwenyewe ataona haya kumwomba cheti.

Mokeira angemjia mwaka mwingine labda isingekuwa vigumu hivyo, lakini Lesoni ya robo ile ya mwaka, kile kijitabu wanachosoma Wasabato kila juma, ilihusu kuokolewa kwa imani peke yake. Mchungaji Haron, kijana wa miaka thelathini na miwili ambaye viatu vyake vilikuwa bado havijazoea matope ya Manga, alikuwa amehubiri Sabato tatu kwamba mtu huenda kwa Mungu mikono mitupu. Machogu, ambaye mikono yake haikuwahi kuwa mitupu tangu alipojua kushika jembe, alimjibu kwa heshima katika darasa la wanaume. Alisema chai haijichumi, hata ukiiamini vipi. Wanaume wakacheka. Haron naye akacheka, kisha akasema kwamba mchai hauchumwi ili upate kuwa mchai. Unachumwa kwa sababu ni mchai tayari. Machogu hakulipenda jibu hilo, na aliporudi nyumbani alichimba mtaro ambao haukuwa na haraka yoyote.

Baada ya ziara ya Mokeira alilala vibaya juma zima. Lililokuwa mbele yake lilikuwa wazi. Asipotoa cheti, itambidi aseme kwamba amewaongoza watu miaka kumi na tisa bila kuwa mmoja wao, aondolewe kwenye uzee wa kanisa, na akiwa na miaka sitini na minne apange foleni ya ubatizo na watoto aliowafundisha kusoma Lesoni. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Maji yalikuwa ni yeye aliyeyaingia. Ondieki akikubali kuweka sahihi kwamba siku ile hakuwepo, ubatizo ule utakuwa wa Machogu na jina litarekebishwa. Aliiandika barua hiyo mwenyewe, akaacha nafasi ya sahihi chini, na Jumanne akapanda boda boda kwenda Itumbe.

Ondieki alikuwa anaishi huko kwa binti yake Edinah, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na daktari alikuwa amemwambia Edinah maneno ambayo madaktari huwaambia watoto badala ya wagonjwa. Ndugu hawa hawakuwa watu wa kutembeleana. Ondieki alikuwa amekunywa sehemu yake ya shamba mpaka ikaisha, na kwenye maziko ya mama yao alianguka karibu na kaburi, akainuliwa na Machogu mbele za watu. Siku hizi alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu Manga: akifa arudishwe nyumbani, na kanisa la baba yake limwimbie. Ombi hilo halikuwa na shida, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado kitabuni. Enzi za baba hakuna aliyethubutu kulifuta, na baada ya baba hakuna aliyemkumbuka vya kutosha kulifuta.

Machogu alimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na migomba, kikombe cha uji mkononi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha Machogu akasema yote kwa mkupuo mmoja, akatoa barua na kalamu.

Ondieki alicheka mpaka akakohoa. Alimwita Edinah amletee kopo lake. Ndani ya kopo, ndani ya karatasi ya nailoni, kilikuwamo cheti, kimekunjwa mara nne, mikunjo imekuwa myeupe lakini mwandiko bado mzuri.

"Hii ilinifikia nikiwa mlevi," alisema. "Nikacheka, nikasema huyu Tata, baba yetu, ni mjanja. Nikaitupa kwa sanduku. Halafu mwaka wa themanini na nane nikashikwa na malaria, ile ya kupanda kichwa, niko peke yangu kwa nyumba ya kampuni. Nikajua nimeisha. Nikatoa karatasi, nikaisoma. Hapa jina langu. Hapa tarehe. Na siku hiyo mimi nilikuwa Kericho nacheza karata. Nikajiuliza, sasa nani aliingia kwa hayo maji? Ni huyu mtoto mdogo. Yeye akaingia baridi, mimi nikaandikwa."

"Ilikuwa uongo," Machogu alisema.

"Ilikuwa uongo wa Tata, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuelewa wahubiri wanasema nini, Machogu. Mwingine anaingia, wewe unaandikwa. Siku hiyo nikaelewa. Nikalala. Na nimekuwa nikilala vizuri tangu hapo."

"Na ukaendelea kunywa."

"Miaka sita zaidi," Ondieki alikubali bila kuona haya. "Nilikuwa nimeamini. Sikuwa nimepona."

Kisha akaichukua kalamu. Machogu alimkumbusha, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko alivyotaka, kwamba akitia sahihi jina lake litatoka kitabuni, na kwamba kwa mapigo ya moyo wake hakuna mchungaji atakayethubutu kumtia mtoni. Kanisa la Manga halitamwimbia. Ondieki alisema Edinah anajua nyimbo. Akaandika jina lake polepole, herufi zinayumba, akakiweka cheti juu ya barua na kumpa ndugu yake vyote viwili.

"Chukua, ndugu yangu. Aliyenipokea mimi hakuniuliza karatasi."

Njia yote ya kurudi Machogu alikuwa na hasira, na alijua ni hasira ya nini. Alimwonea wivu Ondieki. Hakuonea wivu shamba wala afya, maana huyo hakuwa na kimoja wala kingine. Alionea wivu usingizi. Yeye alibeba mawe, akachimba makaburi, akachuma chai ya wajane, na kila usiku wa miaka hamsini amelala kama mlinzi, sikio moja liko nje. Yule alikunywa shamba, akadanganyiwa cheti, akalala. Kama hiyo ndiyo haki ya Mungu, Machogu alijisemea, basi amefanywa mjinga tangu utotoni. Mwenye boda boda aliyembeba alimsikia akinung'unika, akamuuliza kama kasi imezidi.

Baraza la kanisa lilikutana Sabato alasiri katika chumba cha nyuma, watu saba, na Mokeira na kompyuta yake. Machogu alikuwa na barua na cheti mfukoni. Mokeira alipofika kwenye jina lake alisita, akasema bado kuna jambo dogo la cheti cha mzee. Hapo hapo Ishmael, shemasi mkongwe kuliko wote, akainua mkono. Alisema ni aibu hata kuuliza. Aliuliza kuta hizi zimejengwa na nani. Aliuliza mke wake alipokufa nani alichimba kaburi kwenye mvua. Mtu huyu aandikwe, tena aandikwe wa kwanza, mwaka wowote unaofaa, na kama yeye si Mkristo basi kitabu kifungwe maana Manga hakuna. Wote wakakubali. Mokeira akaweka vidole tayari, akauliza kwa upole, tuseme mwaka gani, Mzee?

Mchungaji Haron alimtazama Machogu tu.

Na hapo ndipo lilipomjia, kwamba limetimia. Alichokifanyia kazi tangu akiwa na miaka kumi na minne kilikuwa kimewekwa mezani mbele yake: watu wazima saba wameona haya kumwomba cheti. Alingoja afurahi. Alingoja angalau apumzike. Hakusikia chochote, isipokuwa mgongo ukimuuma mahali pale pale ulipozoea kumuuma. Aliona kwamba wakimwandika sasa, usiku atalala vile vile, na kesho itabidi atafute mjane mwingine.

"Sijabatizwa," alisema.

Akawaeleza yote, makambi, joho, baba yake, bila kumpunguzia mtu na bila kujipunguzia. Alikitoa cheti akakiweka mezani. Barua yenye sahihi aliichana vipande vinne akavirudisha mfukoni.

"Hiki ni cha Ondieki. Alikipata bure na anakiamini. Msimfute. Mimi niandikeni kwa wanaongoja."

Ishmael alilia, jambo ambalo lilimkera kila mtu. Baraza lilibishana saa nzima juu ya mtu aliyebatizwa akiwa Kericho, jambo ambalo mwongozo wowote wa kanisa haukuwa umeliwazia. Haron akasema atakwenda Itumbe mwenyewe amsikilize mgonjwa. Alikwenda, akakaa huko siku nzima, na aliporudi alisema tu kwamba mstari wa Ondieki ubaki ulivyo, na kama kuna kosa aulizwe yeye. Machogu alivuliwa uzee wa kanisa. Kwamboka alipoelezwa alisema kumbe ndiyo maana hakuwahi kumwona mume wake ameketi.

Kwa miezi mitatu Machogu alihudhuria darasa la ubatizo na watoto tisa, mkubwa wao akiwa na miaka kumi na mitatu. Walimwita Mwalimu kwa mazoea na walimnong'onezea majibu kwa wema. Siku ya mtihani alipoulizwa anakuja kwa Mungu na nini, alifungua mdomo, akawaza mawe na makaburi na paa, akaufunga. Machogu akasema hana kitu, na kusema hivyo kulimgharimu kuliko mawe yote.

Kidimbwi cha ubatizo pale mtoni chini ya kanisa kilizibwa kila mara kwa vigogo vya migomba na magunia ya udongo, na mzibaji alikuwa Machogu. Asubuhi ya siku yake aliteremka mapema na jembe begani. Alikuta vijana wamekwisha kuziba, maji yametulia, wamekaa ukingoni wanakula ndizi. Walimwambia arudi akavae joho. Alisimama pale na jembe lake asijue pa kuliweka.

Ondieki aliletwa kwa gari kutoka Itumbe, amefunikwa blanketi, kiti chake cha plastiki kikawekwa kwenye nyasi mahali penye jua. Watoto walitangulia. Kila mmoja aliingia, akalala mikononi mwa mchungaji kama mzigo mdogo wa nguo, akaibuka anapepesa macho. Mwisho akaingia Machogu.

"Machogu, mwana wa Nyangate," Haron aliita kwa sauti.

Alichelewa kuitika. Jina hilo hakuwahi kulisikia majini.

Haron aliinua mkono, akatamka maneno yake, akamshika mgongoni ili amlaze. Machogu hakulala. Alikuwa amechimbia visigino kwenye tope, amepinda magoti, amekamata mkono wa mchungaji na kuubeba uzito wake mwenyewe, ajizamishe kwa nguvu zake asimchoshe kijana wa watu. Haron alisukuma. Mzee alikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukingoni watu walianza kuangaliana, na Ondieki alisikika akicheka kwenye blanketi lake, akisema kwa Kigusii kwamba huyu omogaka, yaani mzee, tangu utoto hakubali kubebwa.

Haron aliinama sikioni mwake.

"Wacha kunisaidia, Mzee," alisema polepole. "Legea tu."

Machogu alimtazama. Alitazama mikono ile myembamba ya chuoni, akaona haitamweza. Kwa mara ya kwanza tangu mgongoni mwa mama yake hakuwa na la kufanya. Akakiachia kisigino kimoja kwenye tope, kisha cha pili, akauachia na ule mkono. Uzito wake wote ukaenda kwa yule kijana, na maji yakamfunika.